Mmekula Mbegu, Sasa Mnalaumu Mvua

"Sasa nijifunze nini tena?"

Hiyo mesej iliingia inboksi yangu Jumanne usiku, saa tano na kitu. Aliyeituma ni msichana wa Eastlands, miaka 21, ananifuata tangu enzi zile wafuasi wangu walikuwa wachache hadi mathe alikuwa anahesabika. Hakuwa amekasirika. Hakunitusi. Aliuliza tu. Na hilo neno la mwisho, "tena", limeninyima usingizi wiki nzima.

Kwa sababu mara ya kwanza, aliyemjibu ni mimi.

Mwaka wa 2023 nilitoa video ya aina tano za ujuzi za kukutoa mtaani. Mnaikumbuka. Nilikuwa nimevaa hudi, taa ya bluu nyuma, sauti ya mtu anayejua. Namba mbili kwenye orodha ilikuwa uchanganuzi wa data. Ile video ilienda mbali kuliko kitu kingine chochote nimewahi kutoa. Huyu msichana akaiona, akamwonyesha mamake, mamake akachukua mkopo kwa chama, kozi ya miezi sita ikalipwa. Akamaliza vizuri. Anajua Excel, anajua SQL, anajua Python ya kutosha kukuchorea grafu ya maisha yako yote. Ametuma maombi zaidi ya 70. Wengi hawakujibu. Waliojibu waliuliza swali moja: umeifanya hii kazi wapi, miaka mingapi?

Sai anauza mtumba na mamake. Mkopo wa chama bado haujaisha.

Wacha niseme mapema ndio tusizungukane: nilikosea. Lakini kosa langu si kwamba nilichagua ujuzi mbaya. Kosa langu ni kwamba niliwaambia nyinyi mnaotafuta kazi kwamba shida yote ni nyinyi, hamjui kitu, ongezeni kozi. Wakati sehemu kubwa ya shida imekaa upande ule mwingine wa meza, kwa wanaoajiri na wanaopanga. Miaka mitatu nimewasumbua nyinyi. Leo naongea na wao.

Kwanza angalia vile hizi orodha huoza. 2016 serikali ilizindua Ajira Digital, vijana wafundishwe kazi za mtandaoni: kusikiliza sauti na kuiandika, kuingiza data, kuandika makala. Halikuwa wazo baya, na kuna watu liliwalisha. Huko vyuoni nako kulikuwa na ile biashara yetu tusiyoitaja mbele ya wazazi, ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Nawajua watu walilipa karo ya wadogo zao na hizo pesa. Kisha Novemba 30, 2022, ChatGPT ikatoka. Ndani ya muda mfupi, insha zikakauka kama mto wa Ukambani. Sauti nazo, mashine inaandika yenyewe, wewe unabaki kurekebisha nukta na koma kwa bei ya kutupa.

Mimi nilikuwa kwa kona nyingine. Nilikuwa nasomea IT, nikaacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda, na kulikuwa na jukwaa moja mtandaoni lililonilipa kuchora mistari kwenye picha: hii ni gari, huyu ni mtu, ule ni mti. Magari ya kujiendesha, ya nchi sijawahi kukanyaga, yalijifunza kumtambua binadamu kwa kidole changu, ndani ya bedsita Umoja. Nilidhani nimetoboa. Asubuhi moja nikajaribu kuingia, akaunti imefungwa. Hakuna maelezo. Hakuna mtu wa kupigia.

Na sikuwa peke yangu kwa huu mchezo wa kulea mashine. Januari 2023 jarida la TIME lilitoa habari ya Wakenya waliofanya kazi chini ya kampuni ya Sama hapa Nairobi, wakisoma na kuainisha maandishi machafu kabisa ili OpenAI ipate kichujio cha ChatGPT. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Soma hiyo tena polepole. Vijana wa Nairobi walisaidia kuilea ile mashine, halafu mashine ikakuja kukalia viti vya vijana wa Nairobi.

Kwa hivyo kila mtu akakimbilia orodha mpya. Na orodha mpya itaoza pia. Si mimi nasema. Mwaka wa 2025 World Economic Forum iliuliza waajiri wa dunia nzima, na wenyewe wakasema wanatarajia asilimia 39 ya ujuzi muhimu wa kazi kubadilika kufikia 2030. Yaani karibu vitu vinne kati ya kumi unavyolipia leo, hata anayekuajiri anaona vitabadilika. Sasa hiyo ni kusoma ama ni kuweka mkeka? Tofauti ni kwamba mkeka ukichanika unapoteza soo moja. Huyu msichana alichanikiwa na mkopo wa mamake.

Hapa ndipo wengi mtasema, basi lawama ni ya AI. Hapana. Hapo ndipo wanataka tuangalie. AI imeongeza kasi, sikatai. Lakini mlango ulianza kufungwa kabla.

Mnaikumbuka Andela? Ilianza Lagos 2014, ikaja Nairobi 2015. Mpango wao ulikuwa tofauti: wanachukua kijana mwenye akili, hata kama hajui sana, wanamlipa akijifunza, kisha wanamuunganisha na kampuni za nje. Wanamlipa yeye, si yeye analipa. Hapa mtaani kuingia Andela ilikuwa kama kuitwa Harambee Stars. Kisha Septemba 2019 kampuni ikatangaza kuachana na wahandisi wanaoanza, karibu 400 Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu waliitoa wazi: soko linataka wazoefu, waliopikwa wakaiva.

Hiyo ni 2019. ChatGPT ilikuwa bado miaka mitatu mbele. Kwa hivyo msiniambie ni roboti. Ni binadamu waliokaa kwa kikao, wakaangalia hesabu, wakaamua kwamba anayeanza ni gharama. Siwalaumu hao peke yao. Wao angalau walijaribu kwanza. Wengine hawakuwahi hata kujaribu.

Fungua matangazo ya kazi leo. "Nafasi ya anayeanza. Uzoefu: miaka mitatu." Manze, mtu anayeanza ameanza wapi hiyo miaka mitatu? Tumboni? Halafu mabosi haohao wanapanda jukwaani kwenye makongamano, kiyoyozi kinavuma, wanasema Kenya haina talanta. Wanatuambia tujifunze kodi, ile ya kompyuta. Kodi ninayoijua mimi ni ya nyumba, na hiyo haingoji mtu apate uzoefu.

Nataka mabosi wajibu swali moja tu. Hawa wazoefu mnaowagombania leo, walitoka wapi? Hawakuanguka na mvua. Kila mmoja wao, kuna siku mtu alimpa kiti akiwa hajui kitu. Aliharibu. Alifuta kitu hakifai kufutwa, mtu akakaa naye usiku akakirudisha. Akaonywa, akaeleweshwa, akalipwa akiwa bado ni mzigo. Miaka mitano baadaye ndiye huyo mnamwita talanta. Mliokota matunda ya mti mtu mwingine alimwagilia, sasa mnashangaa mbona hakuna miche.

Nenda Grogan uangalie gereji. Kila fundi ana kijana wa kumpitishia spana. Namba kumi. Namba kumi na nne. Lete jeki. Kijana anapitisha spana mwaka mzima, amejaa grisi, anatusiwa, anapewa pesa ya chai. Kama shida ya fundi ingekuwa spana imfikie tu, angefunga kamba ukutani azitundike. Lakini fundi anajua kwamba yule kijana akipitisha spana anaangalia. Anasikia injini ikikohoa, anaona mzee ameshika wapi. Siku moja mzee atakuwa amelala njia panda na homa, na gari ya mteja itatengenezwa na yule kijana.

Sasa ofisi za teknolojia zimepata mashine ya kupitisha spana. Zile kazi ndogo za anayeanza, kurekebisha kosa dogo, kuandika majaribio, kusafisha data, AI inafanya kwa sekunde. Mkasherehekea, mkafunga nafasi. Lakini faida haikuwa ile kazi ndogo. Faida ilikuwa yule kijana anayeangalia. Mmeokoa mshahara wa mwaka huu mkaufuta ujuzi wa 2032. Na 2032 mtakuja kwa kamera kulia kwamba hakuna watu. Mkulima aliyekula mbegu hana haki ya kulaumu mvua.

Najua jibu lenu. "Tukiwafundisha, wanatoroka." Na hili si uongo, nitakuwa mkweli. 2019 Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi hapa Nairobi. 2022 Google ikatangaza chake. Mwaka huo kampuni za hapa zilipiga kelele hadharani kwamba wahandisi wao wanachukuliwa kwa mishahara ambayo wao hawawezi kufikia. Ukiwa kampuni ndogo, umelea mtu miaka miwili, jirani tajiri anakuja na pochi nene anambeba. Inauma. Naelewa mbona wa pili umeogopa kumlea.

Lakini kila mtu akiogopa hivyo, hakuna anayepanda. Kila mmoja anangoja shamba la jirani. Ndio mwanzo wa njaa ya wote.

Na hii shida ina dawa iliyokuwa kwa sheria zetu kabla wengi wenu mzaliwe. Inaitwa ushuru wa mafunzo. Mwajiri analipa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, pesa kidogo kwa kila mfanyakazi. Kisha mwajiri anayefundisha watu anaweza kudai arudishiwe gharama. Wote wanachanga, anayepanda haumii peke yake. Hata mtu wako akitoroka, aliyemchukua pia alichanga. Kwa lugha ya mtaa, hicho ni chama. Mamake huyu msichana angekielewa kwa dakika moja.

Sasa uliza mchango ni ngapi. Shilingi 50. Kwa mfanyakazi mmoja, kwa mwezi. Hamsini, bei ya kikombe cha chai na mandazi kibandani.

Piga hesabu. Kampuni ya watu 200 inachanga 10,000 kwa mwezi. Elfu kumi! Hiyo haifiki hata mshahara wa chini kabisa wa kisheria wa kibarua mmoja Nairobi. Benki inayokukata ukituma pesa, ukitoa pesa, hata ukiuliza salio, ikiwa na wafanyakazi 200, mchango wake kwa mafunzo ya kizazi kizima hautoshi kumweka mwanagenzi mmoja kwenye kiti. Halafu mama wa mtumba ndiye anachukua mkopo kulipia kozi. Hapo ndipo nimekasirika. Gharama ya kubahatisha kesho itataka ujuzi gani imetolewa kwa wenye pesa, ikashushwa hadi kwa mama mwenye kibanda Gikomba.

Serikali nayo isidhani nimeisahau. Hotuba ni nyingi, na kila hotuba inahesabu waliofundishwa. Vituo vimefunguliwa, vijana wamepewa vyeti, picha zimepigwa. Sawa. Waliofundishwa mwaka juzi, wangapi wako kazini leo, wanafanya nini, wanalipwa ngapi? Hiyo ndiyo hesabu ya kupanga. Kuhesabu vyeti ni kama mkulima kuhesabu mashimo aliyochimba bila kuangalia kama kitu kimeota.

Linganisha na wenzetu. Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Chansela Olaf Scholz, mkataba ulisainiwa kule Berlin, Wakenya waende kufanya kazi Ujerumani. Watu wa IT wamefunguliwa mlango, hata wasio na karatasi za chuo. Nilifurahi, kwa sababu hiyo ni mimi kabisa. Kisha nikaangalia sheria yao inasema nini kuhusu mtu wa IT asiye na digrii: anataka uzoefu wa angalau miaka miwili. Uzoefu! Neno lilelile limenifuata hadi Ulaya. Ujerumani wanajua wanakosa watu gani na wanataka waje wakiwa wameiva. Sisi tunataka kuuza mafundi ambao hatujawahi kuwapa gereji.

Sitaki mtu aseme napiga kelele tu, kwa hivyo haya ndiyo mambo matatu ninayotaka.

La kwanza, kila shule au kozi inayochukua pesa za watu kwa jina la teknolojia ilazimishwe kuonyesha: kati ya waliomaliza mwaka jana, wangapi wamepata kazi ya kile walichosomea? Si picha ya mmoja aliyefaulu akiwa amesimama kando ya Subaru. Wote. Dawa ina tarehe ya kuharibika kwenye chupa, mbona kozi haina?

La pili, huo mchango wa hamsini upandishwe kwa mabenki, kampuni za simu na kampuni kubwa za teknolojia, na pesa zifuate viti. Hukuchukua mwanagenzi, unalipa zaidi. Umechukua na umemlea mwaka mzima kwa mshahara, unarudishiwa. Mwaka mzima, wasee, si ile ya miezi mitatu ya kuchapisha karatasi na kuendea mabosi chai.

La tatu, tenda za serikali. Huduma kibao za serikali sasa ziko eCitizen, na mifumo mingine inajengwa kila mwaka kwa kodi zetu. Tayari kuna utaratibu wa kutengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya manunuzi ya serikali. Kwa hivyo kuandika masharti kwenye tenda si jambo geni. Andikeni moja zaidi: ukishinda tenda ya kujenga mfumo wa umma, una viti kadhaa vya wanaoanza ndani ya mkataba, wanalipwa, na wakimaliza wanajua ule mfumo. Hata ukiharibika 2031, kutakuwa na Mkenya anayejua waya zinapita wapi.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji nabii. Hapo ndipo kupanga kumetupita. Tunadhani kupanga ni kutabiri lugha gani ya programu itatamba 2030. Hakuna anayejua hilo. Mimi sikujua, na nilikuwa na taa ya bluu. Lakini idadi ya viti vya wanaoanza mwaka ujao? Hiyo haitabiriwi. Hiyo inaamuliwa.

Wengine mtasema huyu aliacha chuo, ana uchungu. Ndio, niliacha, na uchungu ninao. Lakini niliosoma nao walimaliza. Mmoja alipata daraja la kwanza. Juzi alinipigia akaniuliza kama najua mahali wanataka mtu wa kupiga picha za harusi. Kwa hivyo uchungu si wa karatasi.

Na nyinyi ambao bado mko kwa hiyo foleni: sitawapa orodha nyingine. Mniwie radhi, hiyo dukani kwangu imeisha. Nitawapa maswali ya kuuliza kabla mzazi wenu hajatoa hata shilingi. Nikimaliza, nani atanipokea nikiwa bado sijui? Waliomaliza mwaka jana wako wapi, na naweza kuongea nao watatu niliowachagua mwenyewe, si mliowachagua nyinyi? Nikishindwa kupata kazi, nyinyi mnapoteza nini? Kama jibu la hilo la mwisho ni "hakuna", basi hiyo ni biashara yao na hatari ni yako.

Na mkipata mahali padogo, hata duka la kurekebisha simu, hata shirika dogo linalotaka mtu wa kupanga rekodi, mradi kuna mtu mzoefu utakaa kando yake ukiangalia mikono yake, chukueni. Nashika kwamba si haki kuwe na viti vichache hivyo. Lakini kiti kimoja kando ya fundi ni bora kuliko vyeti vitano kwa simu.

Ile video nimeifuta leo asubuhi. Ilikuwa inaniletea pesa kidogo kila mwezi, na nimeona aibu kuendelea kuzila.

Huyu msichana nilimjibu. Nilimwambia hakukosea, na kwamba sina kitu cha nne cha kumwambia ajifunze. Nikamwomba anitumie yale matangazo yote 70, tuyapange pamoja kwa Excel, anajua kuliko mimi: kampuni gani, zinataka miaka mingapi, zinalipa ngapi, na ngapi kati yao zimeandika "anayeanza" huku zinataka mzoefu. Ameshatuma 43. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya uchanganuzi wa data, na nitamlipa kwa pesa za video inayofuata.

Kama na wewe una matangazo ya hivyo, yalete. Na kama ulilipia kozi kwa sababu yangu, niandikie. Nitasoma zote.